Dirisha la Nyumba ya Nyamweya

Jumapili, 4 Machi 1973

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku tulipomzika kaka yangu Nyamweya, wakati watu wote walikuwa wakilia, mimi nilikuwa nikisoma maandishi kwenye mifuko ya saruji iliyobaki kando ya nyumba yake. Weka mahali pakavu. Usiache wazi. Niliyasoma mpaka jeneza likashuka. Sikuhisi kitu. Sasa ni Machi na bado sihisi kitu. Nakula, nasoma, naitika nikiitwa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema anayetaka kuandika vizuri aandike kila siku, hata mstari mmoja. Nitajaribu mpaka mvua ziishe. Nyumbani tunasema Ekegusii, kwa hiyo hakuna atakayetamani kusoma haya.

Jumatatu, 5 Machi

Mvua imeanza. Njia ya kwenda shule ni matope.

Alhamisi, 8 Machi

Leo kuna mzungu alikuja kumtafuta Nyamweya.

Nilikuwa namenya ndizi na Mama. Landrova ilisimama chini barabarani, na mtu mrefu mwenye koti la mvua akapanda mpaka uani, akiteleza. Jina lake ni Bwana Whitlow. Alikaa Kampala miaka mingi na Kiswahili chake ni cha huko.

"Mimi tafuta Bwana Nyamweya," alisema. "Yeye andika barua kwa kampuni yangu. Barua nzuri sana."

Mama aliacha kisu. Mimi ndiye niliyejibu, kwa Kiingereza, kwamba Bwana Nyamweya alikufa Oktoba, lori la chama cha ushirika lilipopinduka akirudi kutoka Nyansiongo. Nilisema kama ninayejibu swali darasani. Bwana Whitlow alivua kofia mvuani na kusimama hivyo hivyo, nywele zikilowa.

Nyamweya alikuwa karani wa chama. Aliiandikia kampuni hii ya Uingereza, ambayo inafanya hesabu za watu kwa mashine: wewe unawapa makaratasi ya kilo za majani chai za kila mkulima, wao wanakurudishia karatasi safi zilizojumlishwa, na mashine ikiharibika wanaitengeneza wao. Aliwaomba waje Kisii. Nilijua aliandika. Sikujua kwamba angejibiwa.

Ijumaa, 9 Machi

Bwana Whitlow alirudi mchana kuzungumza na Tata, yaani baba yangu, Abner Machogu. Tata ni fundi wa taipureta na mashine za kujumlisha. Meza yake iko katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu la Bwana Subhash, mjini. Niliambiwa nisiende shule ili nitafsiri. Ninaona haya kusema mbele ya watu wazima, lakini maneno yakiwa ya mtu mwingine ni rahisi kidogo.

Bwana Whitlow alieleza jinsi kampuni yao inavyoingia nchi ngeni. Wakati mwingine wanatafuta wakala, mwenye duka ambaye tayari anajulikana, anaweka mashine kwake na kuchukua sehemu yake. Hapa huyo angekuwa Bwana Subhash, naye ameshaomba. Wakati mwingine wanatafuta mbia: wao wanaleta mashine na mafunzo, yeye analeta mikono, mahali, na jina ambalo watu wanaliamini. Au wanafungua tawi lao wenyewe. Wakubwa wake Uingereza wanataka tawi Kisumu, makaratasi ya Kisii yawe yanaenda na kurudi kwa basi.

"Na wewe unataka nini?" Tata aliuliza.

Bwana Whitlow alitoa fungu la funguo mfukoni akaziweka mezani. "Kampala tulikuwa na tawi. Nyumba yetu, watu wetu, kila kitu chetu. Mwaka jana serikali ya huko ilivichukua, nikaondoka na hizi tu. Sijui kwa nini bado ninazibeba." Kisha akasema, "Mwanao aliomba ubia. Nataka tujaribu ubia. Mpaka mwisho wa Mei, mashine moja, vituo vichache vya majani chai vya upande wa Magwagwa. Kazi ikienda vizuri, tutaandikiana."

Nilipomtafsiria, Tata alitazama mikono yake. Tangu Oktoba sijamwona akitaka kitu. Leo alitaka. Hata mimi nililiona hilo.

Kisha wakatafuta mahali. Mashine inataka stima, sakafu ya saruji, na mlango wa kufunga. Bwana Whitlow alitembea uani akatazama nyumba moja baada ya nyingine. Nyumba yenye stima na sakafu ya saruji ni moja tu, ile ambayo Nyamweya alimaliza kuijenga mwaka jana, anamoishi mke wake Mong'ina na mtoto wao Okemwa.

"Hapa," alisema. "Chumba hiki cha mbele. Hapa ni pazuri kabisa."

Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe akishaoa. Ni heshima, tunaiita ensoni. Mwana awe hai, awe amekufa, ni vilevile. Hata siku ya mazishi Tata alisimama nje, na jeneza likatolewa na wengine.

Bwana Whitlow alikuwa akitabasamu kwa sababu amepata. Tata akasema, "Mwambie ni sawa."

Nikamwambia ni sawa.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama, Sabato inaingia, kwa hiyo wakaagana. Mama akasema, "Atajua tu. Amekaa na watu weusi miaka yote hiyo." Tata akasema, "Subhash atamweleza. Subhash alizaliwa hapa." Mong'ina hakusema kitu. Nilidhani ni maringo yake.

Jumatano, 21 Machi

Mashine ilifika juzi kwa lori kutoka Kisumu. Ni kubwa kama kabati la vyombo lililolazwa. Waliifunga kwa boliti kwenye meza ya chuma, na meza wakaifunga kwenye sakafu. Hakuna aliyemweleza Bwana Whitlow kitu. Alikaa siku mbili kutufundisha. Tata alifundishwa kwanza juu ya mashine nyingine ndogo, dukani kwa Subhash. Alielewa upesi.

Siku ya pili, Bwana Whitlow akiwa ndani nasi, Tata alisema ana kazi mjini.

Jumatatu, 2 Aprili

Hivi ndivyo tunavyofanya kazi nikitoka shule. Mong'ina anakaa kwenye mashine. Mimi nasimama dirishani. Tata anasimama nje chini ya ukingo wa bati, na maji ya mvua yanamwagika nyuma ya visigino vyake. Hamtazami Mong'ina, naye Mong'ina hamtazami. Tata ananiambia mimi.

"Mwambie asivute mkono wa kulia kabla kengele haijalia."

Mong'ina amesikia, yuko hatua chache tu. Lakini anangoja niseme. Nikisema ndipo anafanya.

"Mwambie Tata imelia."

"Nimesikia imelia."

Okemwa analala vizuri mashine ikiwa inafanya kazi. Ikinyamaza anaamka.

Ijumaa, 6 Aprili

Shule imefungwa. Mvua.

Jumamosi, 14 Aprili

Sabato. Mashine imefunikwa kwa shuka. Kanisani waliomba kwa ajili ya kazi ya Tata. Niliinamisha kichwa nikafikiria jedwali la kemia.

Alhamisi, 19 Aprili

Mong'ina anapiga tarakimu bila kutazama vidole. Nilimuuliza alijifunza lini. Akasema, "Kaka yako alinichorea vitufe kwenye ubao wa kukatia mboga. Alisema mashine ikija isinikute mjinga." Alinionyesha ubao. Michoro imekaribia kufutika kwa kisu. Akacheka kidogo, akaendelea kupiga.

Nilikuwa namwona ana maringo. Sidhani kama ni maringo.

Ijumaa, 27 Aprili

Mvua, tangu asubuhi mpaka jioni. Tata sasa anajifunika gunia la kahawa kichwani. Anakohoa.

Jumatatu, 7 Mei

Shule imefunguliwa. Ramila, binti wa Bwana Subhash, ndiye ninayekaa naye dawati moja. Ameniambia baba yake amepewa notisi: leseni ya duka haitatolewa tena kwa asiye raia, kwa hiyo mwisho wa mwaka wafunge. "Huenda tukaenda Uingereza," alisema. "Mama anasema huko hata jua linaomba ruhusa." Alisema kama mzaha, kisha akaazima rula yangu na hakuitumia.

Ndiyo sababu Bwana Subhash anataka uwakala. Anafikiri serikali haitamgusa mtu anayebeba jina la kampuni kubwa. Nyumbani tulikuwa tukisema ana tamaa.

Jumanne, 15 Mei

Mashine imekwama. Karatasi inaingia upande, inakunjamana, na rola haigeuki. Tata anajua ni wapi. Anaonyesha kwa vidole hewani, nje ya dirisha.

"Mwambie nyuma ya rola kuna springi. Si hiyo kubwa. Ndogo."

"Mwambie Tata ziko mbili ndogo."

"Ile inayolegea."

"Zote zinalegea."

Alinyoosha mkono ndani ya dirisha kadiri ulivyofika. Haukufika. Alibaki hivyo muda mrefu, mkono ndani, mwili nje, gunia kichwani. Kisha akaurudisha.

Ijumaa, 18 Mei

Bado. Makaratasi ya Magwagwa yamechelewa. Mzee mmoja wa kituo alikuja kuuliza kama mashine nayo inashika Sabato siku zote saba. Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 22 Mei

Nilitoka shuleni nikakuta Landrova barabarani. Bwana Whitlow hakutuarifu kwamba anakuja. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja chini ya mwavuli wake mweusi. Mvua ilikuwa kubwa. Tata alikuwa dirishani, gunia limelowa mpaka linadondosha maji, anaelekeza kwa vidole hewani. Ndani, Mong'ina alikuwa ameshika bisibisi.

"Kwa nini yeye nje?" Bwana Whitlow aliniuliza. "Kwa nini yeye si ingia?"

Tata aligeuka. "Mwambie mashine itapona leo."

Nikamwambia mashine itapona leo.

Akaacha Kiswahili. Akauliza kwa Kiingereza kama yule mwanamke anamzuia. Kama kuna kesi ya urithi. Kama nyumba ni ya mwanamke na familia haikubaliani. Aliuliza kwa upole, na hilo lilifanya mambo yawe mabaya zaidi.

"Anasemaje?" Tata aliuliza, ingawa Kiingereza anakielewa, hata kama hakisemi.

"Anauliza kama tumegombana na Mong'ina."

"Mwambie hakuna ugomvi."

Nikasema, hakuna ugomvi.

Bwana Whitlow alitazama dirisha, akatazama gunia. "Kampala tulikuwa na wabia wawili kabla ya kufungua tawi," alisema. "Nao waliniambia hakuna ugomvi." Akaomba radhi. Akasema amempenda Nyamweya kwa barua yake, na anamheshimu Tata, lakini kampuni haiwezi kuingia mahali ambapo mbia wao amefungiwa nje. Lori litakuja Alhamisi saa sita kuchukua mashine. Kazi itafanyiwa Kisumu.

Nilitafsiri yote. Sauti yangu haikubadilika.

Jioni tulikula jikoni kwa Mama. Mong'ina alikaa karibu na mlango na mtoto mgongoni.

"Kemuma," Mama alisema, "wewe ndiye mdomo wetu kwa yule mtu. Hukumweleza?"

"Hakuna aliyesema nimweleze."

"Mambo ya ensoni hayasemwi kwa mgeni," Tata alisema. "Ukimwambia mtu kwa nini unamheshimu, umeshamvunjia heshima."

Mong'ina alisema akitazama nje, si kwa mtu yeyote: "Basi mgeni ataondoka na mashine, na heshima tutabaki nayo hapa, tuikaange na mboga."

Hajawahi kusema hivyo mbele ya Tata. Nilingoja akasirike. Tata aliinuka, akachukua gunia lake, akaenda kulala.

Jumatano, 23 Mei

Baada ya shule sikupanda kwenda nyumbani. Nilienda hotelini anakolala Bwana Whitlow.

Alikuwa kibarazani anakunywa chai. Nilisimama kwenye ngazi, maji yakitiririka kutoka kwenye sweta. Njiani nilikuwa nimepanga sentensi kwa Kiingereza, zikapotea zote. Nikasema kwa Kiswahili.

"Baba haingii nyumba ya mwanawe."

Aliweka kikombe chini.

"Nyumba ile ni ya Nyamweya," nilisema. "Mtu akishaoa, baba yake haingii tena. Si ugomvi. Hata siku ya kumzika Tata hakuingia. Alisimama pale dirishani. Palepale ulipomkuta jana."

Hiyo sikuwa nimeipanga. Sikujua kwamba naikumbuka. Nilidhani siku ile niliona mifuko ya saruji tu.

Bwana Whitlow akauliza, kwa Kiingereza cha polepole, kwa nini Tata alisema ni sawa mwezi wa tatu.

"Ulikuwa mgeni. Ulikuwa umefurahi."

"Na wewe ulitafsiri."

"Ndiyo."

"Kila mtu alijua isipokuwa mimi."

"Tulidhani Bwana Subhash atakwambia. Nafikiri Bwana Subhash alidhani ni sisi tutakwambia."

Alijifuta uso kwa viganja. Akaniuliza Tata anaweza kuingia nyumba gani yenye stima na sakafu kavu. Nikasema, kule anakofanya kazi sasa, chumba cha nyuma cha Bwana Subhash.

"Bwana Subhash aliniomba uwakala nikamkatalia," alisema. "Wakubwa hawawezi kuweka jina lao kwa mtu asiye na leseni. Siwezi kwenda leo kumwomba chumba." Akanitazama. "Lori litafika saa sita kesho. Likikuta mashine imefungwa pale sakafuni, itapakiwa."

Nikasema asante. Nikashuka ngazi, nikaenda dukani.

Bwana Subhash alikuwa anafunga dirisha la duka. Ramila alikuwa nyuma ya kaunta anapanga penseli.

"We Kemuma! Umeoga na nguo?" Bwana Subhash alisema. "Tumefunga. Vitabu vya kuazima, kesho."

"Sikuja kwa kitabu." Nilishika ukingo wa kaunta. "Nataka chumba cha nyuma. Cha kuweka mashine."

Alicheka bila sauti. "Mashine niliyoikosa mimi? Unasikia, Ramila? Ameniletea harusi ya mchumba wangu niipikie."

"Papa," Ramila alisema.

"Niulize kitu. Baba yako anakohoa dirishani miezi miwili. Kwa nini hakuna mtu aliyemweleza yule mzungu?"

"Tulidhani utamweleza wewe."

"Mimi? Nikasimame mbele ya mzungu nimfundishe desturi za Machogu, ili aseme Mhindi anaharibu kazi ya mwenzake?" Alivuta komeo akaliacha. "Mara tatu nilitaka kusema. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa sababu ya mzungu. Mara mbili nyingine nilinyamaza kwa sababu yangu. Kama ningepata uwakala, duka lingebaki. Ndiyo. Nakwambia kwa sababu wewe husemi na watu."

Mvua ilipiga bati.

"Baba yako yuko katika chumba kile tangu Ramila anatambaa," alisema mwishowe. "Hajawahi kuniuliza kama anaweza kuingia. Sasa anatuma mtoto aombe?"

"Hakunituma."

"Hajui?"

"Hajui."

Alimtazama Ramila, akanitazama mimi. "Basi kesho nitamtuma kijana na mkokoteni saa nne. Na mwambie Machogu nikiondoka mwisho wa mwaka aombe duka lote, si chumba. Kuliko kumwachia mtu nisiyemjua."

Nilipofika nyumbani nilimwambia Tata nilikokwenda na nilichosema. Nilimwambia yote, hata la mazishi. Alikuwa anasafisha taipureta ya shule kwa mswaki. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Ulimwambia kwa Kiingereza au kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Afadhali," alisema. "Kiswahili si cha mtu wa hapa. Kinaweza kubeba."

Alhamisi, 24 Mei

Leo pia sikwenda shule.

Mong'ina alikuwa ameanza na boliti kabla sijafika. Alikuwa amezifungua tatu. Nilishika spana, akanionyesha jinsi ya kuweka uzito. Bwana Whitlow, aliyepelekewa habari na Bwana Subhash, alikuja saa nne akiwa bila koti, akakunja mikono ya shati, akaingia kutusaidia, na kijana wa mkokoteni naye. Tuliinua mashine kutoka mezani. Ni nzito kupita nilivyodhani. Tukaisogeza polepole mpaka mlangoni.

Tata alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Aliweka miguu yake sawasawa mbele ya ile saruji, kama mtu anayesimama ukingoni mwa mto, akanyoosha mikono yote miwili ndani ya mlango mpaka kwenye viwiko. Bwana Whitlow alitazama miguu ile. Sisi tukasukuma, Tata akaupokea upande wake, na mashine ikatoka.

Walipoiweka kwenye mkokoteni, Tata hakungoja mpaka mjini. Alifungua kifuniko palepale, Bwana Whitlow akamshikia mwavuli, Tata akaingiza vidole viwili nyuma ya rola, akatoa springi iliyolegea. Aliishika mwangani. Alikuwa anatabasamu na macho yake yamejaa maji.

Bwana Whitlow alisema wataandikiana ubia wa mwaka mmoja kwanza, na lori litarudi Kisumu tupu. Akasema sharti ni moja: Mong'ina awe ndiye anayepiga, kwa mshahara, dukani. Tata akanitazama mimi. "Mwambie Mong'ina," alisema.

"Nimesikia, Tata," Mong'ina akajibu mwenyewe.

Waliteremka na mkokoteni, Tata upande mmoja na mzungu upande mwingine, wakibishana juu ya matope.

Mimi nilirudi ndani. Nilifagia chumba. Tulikuwa tumeing'oa na ile meza; sakafuni yalibaki matundu manne ya boliti, nikayajaza saruji kidogo iliyobaki kwenye mfuko ule wa nje. Nusu yake ilikuwa imeganda. Nilikoroga iliyobaki kwa kijiko, nikaisawazisha kwa kiganja. Kisha nikaenda kufunga dirisha, na nikaona pale chini nje, penye maji ya bati, mahali ambapo Tata alikuwa akisimama. Nyasi zimekufa. Pamebaki alama ya miguu miwili.

Nilikaa sakafuni. Baada ya muda Mong'ina aliingia na Okemwa mgongoni.

"Unalia nini?" aliuliza.

"Sijui," nikasema.

Alikaa karibu nami mpaka nilipomaliza. Kisha nikachukua mtungi nikaenda kuchota maji.